Jinsi ya kupanga timu ya mvua kwenye Pokémon: mwongozo kamili

Asalaam aleykum jamani. Hapa mtaani Mwanakwerekwe tukikaa barazani baada ya Isha na simu zetu tukicheza Pokémon, ule mchezo wa kupiganisha wanyama wa kubuni, kosa nnaloliona ni lile lile. Mtu anakwambia yakhe mie nna timu ya mvua, ukiifungua unakuta Pelipper mmoja wa kuleta mvua na wanyama watano wa maji, basi imeisha hiyo. Na mie nilianza hivyo hivyo. Akaja nduguangu wa Wete kwa boti, likizo ya skuli, akanifunga mechi sita mfululizo na kila mechi alikuwa na Gastrodon yule yule, ambae abiliti yake, yaani kipawa chake cha asili, ya Storm Drain inavuta kila pigo la maji linalolenga mnyama mmoja, linamuishia yeye, hamuumizi na tena anazidi nguvu. Timu yangu nzima ilikuwa inamlisha yeye. Usiku ule ndo nikaelewa kuwa timu ya mvua si timu ya maji, ni timu ya raundi tano, na kazi yako yote ni kujua hizo raundi tano utazitumiaje na zikikatika utaishi vipi.

Sie watu wa visiwani hili halitaki maelezo marefu. Majahazi yalikuwa yanakuja na kaskazi na kurudi na kusi, na nahodha aliyechelewa upepo alikuwa anakaa miezi anangoja. Mvua ya Pelipper nayo ina tarehe yake. Zamani, kuanzia 2002 mpaka 2013, mvua ikiletwa na abiliti ilikuwa haikatiki mpaka mtu mwengine alete hali yake ya hewa, lakini tangu michezo ya X na Y itoke 2013 imekuwa raundi tano tu, au nane ukimshikisha mleta mvua jiwe la Damp Rock. Ukikuta mwongozo wa zamani unaokwambia mvua ni ya kudumu, uache.

Mwongozo huu ni wa mechi za wawili wawili, zile zinazochezwa kwenye mashindano rasmi: unakuja na wanyama sita, unamuona mpinzani na sita wake, kisha unachagua wanne, wote wanahesabiwa levo 50, na hakuna kifaa kinachoshikwa na wanyama wawili. Na wala usiseme huna Nintendo Switch, ile mashine ya michezo. Fungua Pokémon Showdown kwenye brauza ya simu, ni bure, unatengeneza timu kwa kuandika tu na haili bando sana. Ila umeme ukikatika na waifai ikaondoka saa ya mechi inaendelea kukuhesabia, kwa hiyo weka bando la akiba kwenye simu kabla hujaanza.

Kwanza ijue mvua yenyewe inafanya nini

Mapigo ya maji yanazidi mara 1.5 na ya moto yanapungua nusu. Hilo kila mtu analijua. Wanalolisahau ni kuwa Thunder na Hurricane, ambazo siku za kawaida zinapata asilimia 70 tu, kwenye mvua hazikosei kabisa, na kwenye jua zinashuka mpaka asilimia 50. Wenye abiliti ya Swift Swim spidi yao inakuwa mara mbili. Weather Ball inageuka ya maji na nguvu yake inatoka 50 kwenda 100. Na Electro Shot ya Archaludon, ambayo kwa kawaida lazima ajikusanye raundi nzima ndo apige, kwenye mvua anapiga pale pale, na kabla ya kupiga anapandisha nguvu yake ya mashambulizi maalumu kwa daraja moja. Kila akipiga anapanda tena. Hiyo Electro Shot ndo roho ya timu ntakayokuonesha.

Lakini mvua haina mwenyewe, hili lishike. Ikinyesha inanyesha kwenu nyote, Swift Swim wa mpinzani nae anakimbia na maji yake yanakuumiza zaidi.

Hali nyengine za hewa kwa ufupi. Jua linazidisha moto na kupunguza maji, na wenye Chlorophyll wanakimbia mara mbili. Dhoruba ya mchanga inamla kila mtu 1/16 ya uhai kila raundi isipokuwa wa mwamba, wa ardhi na wa chuma, na inawapa wa mwamba ulinzi maalumu mara 1.5. Theluji tangu 2022 haimuumizi mtu tena, inawapa wa barafu ulinzi wa kawaida mara 1.5 na Blizzard haikosei.

Pili, chagua mleta mvua

Kwa sheria za kawaida ni Pelipper au Politoed, wote wana Drizzle, abiliti ya kuleta mvua wakiingia. Mie namchukua Pelipper bila kusita kwa sababu anajua Tailwind, nayo ni upepo unaoipa timu nzima spidi mara mbili kwa raundi nne. Mpe Hurricane, Weather Ball, Tailwind na Protect, hii ya mwisho inamkinga raundi moja. Wengine wanatoa Protect wanatia Wide Guard kuzuia mapigo yanayopiga wawili kwa pamoja, na kama unakutana sana na Torkoal, yule mleta jua, ni wazo zuri.

Udhaifu wake mkubwa umeme, unamuumiza mara nne. Ndo maana nampa Focus Sash, akiwa na uhai kamili pigo moja halimmalizi. Najua wengi watanambia Damp Rock ndo kifaa cha mleta mvua, na kwa mechi za mmoja mmoja nakubali, lakini hizi za wawili wawili zinakwisha haraka mno, mara nyingi raundi ya saba nyote mshajua nani kashinda. Mie naona bora Pelipper aishi ili aje tena kuliko mvua ndefu ya mara moja.

Spidi yake usiiongeze hata pointi moja, sababu ntakwambia chini.

Tatu, wanaokula mvua: wawili, basi

Wa kwanza Archaludon. Ni chuma na joka, abiliti yake Stamina, kila akipigwa ulinzi wake unapanda. Mshikishe Assault Vest, ulinzi maalumu unazidi mara 1.5 ila hawezi tena kutumia Protect wala pigo lolote lisilopiga, kwa hiyo mpe manne ya kupiga: Electro Shot, Flash Cannon, Draco Meteor na Body Press. Body Press inapiga kwa ulinzi wake badala ya mashambulizi, na ulinzi wenyewe unapanda kila akiguswa, ukiona mpinzani anampiga piga bila kummaliza furahi. Anaogopa vitu viwili tu, ardhi na mapigano. Tera yake, yaani aina anayoweza kujigeuza mara moja kwenye mechi, weka Flying, ardhi inakuwa haimgusi kabisa na mapigano yanapungua nusu.

Wa pili Basculegion, dume, usikosee hapo kwa sababu dume ana mashambulizi ya kawaida 112 na jike 92. Abiliti Swift Swim. Mapigo Wave Crash, Last Respects, Aqua Jet na Protect. Hebu tuhesabu Wave Crash: nguvu 120, yeye ni wa maji kwa hiyo mara 1.5, mvua tena mara 1.5, unapata 270, na ukimgeuza Tera ya Water ule mzidisho wa aina yake unakuwa 2 badala ya 1.5 unafika 360. Linamuumiza na yeye mwenyewe theluthi ya damu aliyomwaga, usimpigie ovyo. Last Respects inaanza na nguvu 50 na inaongezeka 50 kwa kila mwenziwe aliyezimia, kwa hiyo yeye ni mtu wa mwisho kuingia, si wa kwanza. Watu wanamuanzisha raundi ya kwanza, anapigwa, wanasema Basculegion hafai. Mshikishe Mystic Water.

Wapo wanaompenda Kingdra, nae wa Swift Swim, sina ubaya nae, Muddy Water yake inapiga wote wawili na Gastrodon hawezi kuivuta kwa mwenziwe. Ila mtie badala ya Basculegion, si juu yake.

Nne, watatu wasiohitaji mvua

Hapa ndo timu za mtaani zinapokufa. Jiulize swali moja tu: mvua ikikatika sasa hivi na sina namna ya kuileta, nani anapigana?

Rillaboom mwenye Grassy Surge. Huyu ndo jawabu la Gastrodon, majani yanamuumiza mara nne, na tangu nimtie nduguangu wa Wete kamtoa Gastrodon wake. Anaingia analeta uwanja wa majani, na uwanja ule unapunguza Earthquake, pigo la ardhi, nusu, maana yake anamlinda Archaludon kwenye udhaifu wake na tena unamrejeshea damu kidogo kila raundi. Mapigo Fake Out (inatangulia na kumkatizia mpinzani zamu yake), Grassy Glide, Wood Hammer, U-turn. Grassy Glide kwenye uwanja wake inatangulia mapigo ya kawaida. Kifaa Miracle Seed.

Incineroar mwenye Intimidate. Utaniuliza moto unafanya nini kwenye timu ya mvua, na mie nakwambia moto wake hatuna haja nao. Tunamtaka kwa Fake Out, kwa Knock Off inayomuangushia mpinzani kifaa chake, kwa kushusha mashambulizi ya mpinzani kila akiingia, na zaidi kwa Parting Shot, anawadhoofisha halafu anatoka na kumuachia nafasi Pelipper. Kwa kuwa yeye ni mzito, yaani spidi yake ndogo, mara nyingi anapigwa kwanza yeye ndo anatoka, Pelipper anaingia mzima na Sash yake haijaguswa. Na siku ya jua moto haumtishi. Mshikishe Safety Goggles, poda za usingizi hazimpati wala mchanga haumli.

Wa mwisho Tornadus mwenye Prankster, Rain Dance, Taunt (inamzuia mpinzani kutumia mapigo yasiyopiga), Bleakwind Storm na Protect. Prankster inayatanguliza mapigo yake yasiyopiga, kwa hiyo Rain Dance yake inatoka mwanzo wa raundi kabla ya karibu kila mtu, na Bleakwind Storm nayo kwenye mvua haikosei. Yeye ni mvua yako ya akiba. Sheria za mashindano zinabadilika mara kwa mara na kuna vipindi yeye na wenziwe wanakatazwa, kwa hiyo soma sheria ya kipindi kilichopo kabla hujajenga, na kama hayumo tia Whimsicott mwenye Prankster kwa ajili ya Taunt na Tailwind. Mvua ya akiba utaikosa na hapo ndo Damp Rock kwa Pelipper inaanza kuwa na maana.

Tano, kugawa pointi

Kila mnyama ana pointi za mazoezi 510 za kugawa na mwisho 252 kwenye sehemu moja. Kwa levo 50 zile 4 za mwanzo zinakupa pointi moja halisi kisha kila 8 pointi moja, kwa hiyo 252 ni pointi halisi 32. Usiumize kichwa mwanzo. Basculegion 252 mashambulizi na 252 spidi, neicha (tabia inayopandisha sehemu moja na kushusha nyengine) ya Adamant: spidi inafika 130, kwenye mvua 260. Flutter Mane, mmoja wa wenye mbio sana, akijazwa spidi anafika 205, kwa hiyo unampita, ila akiwa na kifaa cha Booster Energy kwenye spidi anafika 307 hapo anakupita yeye, na lazima ujue hivyo kabla hujabonyeza Wave Crash ukidhani unaanza. Archaludon 252 mashambulizi maalumu, neicha ya Modest, nyingi zilizobaki kwenye uhai. Pelipper 252 uhai na zilizobaki gawa baina ya mashambulizi maalumu na ulinzi. Incineroar uhai kwanza halafu ulinzi. Kwa hesabu za nani anamuua nani tumia kalkuleta ya Showdown, ipo bure, mie siingizi timu mechini kabla sijakaa nayo saa nzima.

Mwenye Switch na mchezo wa Scarlet au Violet ajue mambo machache. Pelipper anaweza kuwa Keen Eye badala ya Drizzle, huyo hafai mpaka umpe Ability Capsule. Rillaboom na Incineroar abiliti tunazozitaka ni za siri, zinataka Ability Patch. Basculegion anatokana na Basculin wa mstari mweupe, na habadiliki mpaka aumizwe na mapigo yake mwenyewe jumla ya 294 bila kuzimia. Duraludon anataka Metal Alloy ndo awe Archaludon.

Sita, kuhesabu raundi

Sasa tumefika kwenyewe. Chukua karatasi. Pelipper akianza mechi raundi ya kwanza inahesabiwa, mvua inakatika mwisho wa raundi ya tano. Akiingia kwa kubadilishwa katikati ya raundi, raundi ile nayo inahesabiwa, umeshapoteza moja. Lakini akiingia kuchukua nafasi ya aliyezimia mwisho wa raundi, unapata tano kamili. Kwa hiyo mara nyengine ni bora kumuacha mtu azimie kuliko kumbadilisha.

Jambo jengine linalowaangusha wengi: mvua ikiwa bado ipo, kumuingiza Pelipper tena hakuongezi kitu. Hesabu haianzi upya. Lazima ikatike kwanza, au hali nyengine iifute, ndo Drizzle ifanye kazi. Nimeona mtu anamtoa Pelipper raundi ya nne, anamrudisha raundi ya tano, anadhani kapata tano mpya, raundi ya sita hana mvua na Archaludon wake anajikusanya na Electro Shot mbele ya watu wawili.

Mpango wangu wa kawaida: wanaanza Pelipper na Archaludon, nyuma Basculegion na Rillaboom. Raundi ya kwanza Tailwind na Electro Shot. Tailwind ni raundi nne na ile uliyoitumia imo, kwa hiyo mpaka ya nne. Ya pili na ya tatu Archaludon anaendelea kupiga na Pelipper anapiga Hurricane au Weather Ball kumalizia waliobaki na damu kidogo. Pelipper akizimia raundi ya pili sisikitiki, Basculegion anaingia bure, Last Respects imeshafika 100, na mvua ninayo ya tatu, ya nne na ya tano. Raundi ya tano upepo umekwisha lakini mvua ipo, Archaludon karudi kuwa mzito ila Basculegion bado anakimbia, kwa hiyo raundi hiyo mtangulize Basculegion na Archaludon asitegemee kuanza. Ya sita kuendelea Rillaboom anakamata. Unaona kila mtu ana saa yake.

Na usirundike Tailwind juu ya Swift Swim ukadhani umefaidi, Basculegion tayari anawapita. Upepo ni wa Archaludon.

Saba, hali ya mpinzani

Wawili wakiingia pamoja kila mmoja na hali yake ya hewa, mwenye spidi kubwa abiliti yake inatoka kwanza, mzito anatoka wa mwisho na hali yake ndo inabaki. Ndo maana nikasema usimuongezee Pelipper spidi. Spidi ya asili ya Pelipper ni 65, Ninetales wa moto, mleta jua, 100, Ninetales wa Alola, mleta theluji, 109, hao wote unawashinda mkianza pamoja. Ninetales wa Alola bila theluji hawezi kuweka Aurora Veil, lile pazia la kuwapunguzia maumivu, na Flash Cannon ya Archaludon inamuumiza mara nne, mechi hiyo icheze kwa moyo mkunjufu. Tyranitar, mleta mchanga, ana 61, huyo mnakaribiana.

Torkoal ana 20. Humuwezi, mkianza pamoja jua litabaki. Kwa hiyo ukimuona Torkoal usianze na Pelipper. Anza Incineroar na Tornadus. Incineroar anampiga Fake Out mwenziwe Torkoal, Tornadus anatia Rain Dance mwanzo wa raundi, na Eruption iliyokuwa inakuja na nguvu 150 na jua juu yake inakuja imekatwa nusu, na kama kuna Venusaur wa Chlorophyll spidi yake inaanguka pale pale kabla hajapiga. Torkoal akishaingia Drought yake, ile abiliti ya jua, haifanyi kazi tena mpaka atoke na kurudi, hapo ndo umtie Pelipper baadae kwa utulivu. Ukiona dalili za Trick Room, inayowatanguliza wazito, tumia Taunt ya Tornadus kwa anayetaka kuiweka, isipokuwa ni Farigiraf mwenye Armor Tail, yeye anazuia mapigo yote yanayotangulia yasimfike, kwake na kwa mwenziwe, na Fake Out imo. Huyo mpigeni wawili kwa pamoja.

Mchanga unavunja thamani ya Focus Sash kwa sababu Pelipper anatafunwa kila raundi, mlete kabla dhoruba haijamgusa au mtie baada ya mtu kuzimia. Excadrill, wa ardhi na chuma, anaogopwa na Archaludon, na jihadhari, uwanja wa majani unapunguza Earthquake lakini haupunguzi High Horsepower. Maji na Rillaboom wanamaliza kazi. Tyranitar Body Press inamuumiza mara nne.

Mvua kwa mvua: wewe huna haja hata ya kumchagua Pelipper, mvua ya mpinzani inamlisha Basculegion wako vile vile. Mtie Rillaboom.

Mtu akikwambia mvua ni ya wanaojifunza mwambie 2016 Wolfe Glick wa Marekani alichukua ubingwa wa dunia San Francisco na Kyogre, mleta mvua, yumo kwenye timu yake.

Nane, mazoezi

Cheza mechi ishirini na timu ile ile bila kubadilisha hata pigo moja, ukifungwa tatu mwanzo usikimbilie kumtoa mtu. Weka daftari, kila mechi andika vitu vitatu: nani umewachagua wanne, mvua ilikatika raundi ya ngapi, na raundi ile ulikuwa na nani uwanjani. Baada ya ishirini litazame. Kama mara nyingi mvua ilikatika na umebaki na Archaludon peke yake, unamuanzisha mapema mno au Rillaboom humchagui inavyotakiwa. Na kama yupo mnyama hukumchagua hata mara tatu, huyo ndo wa kutoa, nafasi yake mtie wa kumkabili yule aliyekufunga zaidi, kisha anza ishirini nyengine.